Mmea Usioona Haya Kushikiliwa

Masomo: Mhubiri 4:9-12, Luka 23:26



Ukisafiri kutoka Kitale kwenda Bungoma kwa njia ya Kiminini na Kamukuywa, utaona mahindi, miwa na migomba. Lakini hapa na pale, nyuma ya nyumba za watu, utaona nguzo zimesimama kwa mistari, waya umepita juu yake, na majani mabichi yananing'inia kama pazia. Hayo ni mapasheni. Wengine huyaita makarakara, na sokoni kwetu watu husema tu "matunda". Asili yake ni Amerika ya Kusini, na hapa Kenya yamelimwa kwa biashara tangu miaka ya 1930. Leo tuutazame mmea huu pamoja, kwa maana una neno kwetu.

Kwanza, ua lake. Pasheni ya zambarau hulifungua alfajiri na kulifunga karibu na adhuhuri, hivyo mvivu wa kuamka halioni katika uzuri wake. Ni jeupe, na katikati yake pana duara la nyuzi nyembamba zenye zambarau. Wakristo kutoka Hispania walipoyakuta maua ya jamii hii huko Amerika, walistaajabu. Mwaka 1610, Giacomo Bosio aliandika habari zake huko Roma katika kitabu juu ya Msalaba. Watu wakafundishana hivi: duara la nyuzi ni taji ya miiba, vile vichwa vitatu vya juu ni misumari, vile vitano chini yake ni majeraha ya Bwana, na majani kumi ya ua ni mitume kumi, bila Petro aliyemkana na Yuda aliyemsaliti. Ndiyo maana likaitwa hivyo, kwa kuwa jina hilo "pasheni" latokana na neno lenye maana ya mateso, mateso ya Bwana wetu.

Pili, tutazame jinsi unavyokua. Shina lake jembamba haliwezi kusimama peke yake. Lakini Mungu ameupa vikono. Kikono hunyooka hewani kikitafuta. Kikigusa waya, hujizungusha na kushika, kisha hujikunja kama springi. Upepo wa Mlima Elgon ukivuma, mmea huyumba wala haukatiki.

Je, mmea utambaao ukizeeka huacha kushikiliwa? Huko Japani, katika mji wa Ashikaga, kuna mmea mwingine utambaao, uitwao wisteria, wenye vishada vya maua ya zambarau. Umri wake wapita miaka 150. Mwaka 1996 ulihamishiwa bustani mpya, na watu wengi huenda kuutazama kila mwaka unapochanua. Hata leo matawi yake yamelala juu ya nguzo. Uzee haujauondolea haja ya kushikiliwa, wala uzuri wake haujapungua kwa hiyo.

Wapendwa, sisi je? Katika nchi yetu ya Bungoma, kijana wa Kibukusu husimama mbele ya kisu mwezi wa Agosti bila kupepesa jicho. Ujasiri huo tunauheshimu. Lakini ujasiri wa asubuhi moja si amri ya kuumia kimya maisha yote. Mnyauko unakausha shamba lote la mapasheni, mkopo unabaki, karo inadaiwa, na baba wa nyumba anaacha kuja kanisani kwa haya. Akiulizwa hali, hujibu, "Ni sawa tu." Tumesimama makaburini, Kitale na Bungoma, tukisikia majirani wakisema, "Hatukujua." Neno hilo ni zito kuliko udongo.

Basi likumbuke lile ua na mateso linayoyataja. Katika njia ya Msalaba, Bwana wetu mwenyewe alisaidiwa mzigo wake na Simoni, mtu wa Kirene, mji wa Afrika ulio katika nchi iitwayo leo Libya. Mwana wa Mungu hakuona haya kushikwa na Mwafrika mgeni. Wewe ni nani hata ukatae bega la jirani yako?

Tena, kumbuka wale wawili walioachwa nje ya hesabu ya ua. Wote wawili walianguka. Yuda alijitenga, akaangamia akiwa peke yake. Petro alilia kwa uchungu, lakini Bwana alipofufuka alimkuta katikati ya ndugu zake, akamrudisha kazini.

Kwa hiyo, wewe unayeumia, nyosha kikono chako juma hili: mwambie mkeo, mwambie mzee wa kanisa, mwambie rafiki mmoja. Nawe uliye imara, usingoje kuitwa. Nguzo husimikwa kabla mmea haujaanguka. Nenda kwa yule ambaye kiti chake ni kitupu Jumapili, ukae naye, umsikilize kabla ya kumshauri.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyekubali bega la Simoni, utuondolee kiburi cha kuumia peke yetu. Utufanye nguzo kwa waliochoka, na utupe unyenyekevu wa kushikwa tunapochoka sisi. Amina.