Bamvua na Kitabu cha Mahudhurio

Maneno ya mwalimu mwanafunzi katika sherehe ya kikundi kutimiza miaka kumi

 

Nimepewa dakika kumi na tano, na Katibu ameshanionyesha saa yake mara mbili. Nimeitwa hapa kwa sababu mimi ni mtoto wa kikundi. Wengi wenu mnajua kwamba ada yangu ya mwaka wa kwanza chuo cha ualimu ilitoka katika lile sanduku la kufuli tatu. Mama alikopa, akarejesha kwa mwani na kwa kukaanga samaki. Shukrani ninazo nyingi sana. Lakini nimeona nisizimalize dakika zote kwa kushukuru, maana kuna jambo nimelikuta katika shule niliyopangiwa kufanya mazoezi ya kufundisha, nalo linawahusu ninyi kuliko linavyomhusu mkaguzi wa elimu.

Kwanza niseme tunavyosemwa. Chuoni tulikuwa tumetoka mikoa mingi. Nilipopangiwa kuja Bagamoyo, wenzangu walinipa pole. Wakasema huko Pwani watoto hawapendi shule, wazazi wana mwamko mdogo, ngoma na harusi ndiyo mambo yao. Maneno haya mmeshayasikia hata kwenye mikutano, tena mengine yanasemwa mkiwa mmekaa mbele hapo hapo. Na sisi wenyewe wakati mwingine tunayaitikia kwa kichwa.

Mimi sikubali. Watu wa mwambao huu walikuwa wakisoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kabla Mjerumani hajafika. Mwaka 1858 Mwana Kupona wa Pate, mama mtu mzima tena mgonjwa, alitunga utendi kwa ajili ya kumuusia binti yake. Na hapa hapa kwetu Dunda alizaliwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye mwaka 1900 alikwenda Berlin kuwafundisha Wajerumani Kiswahili, na mwaka 1903 kitabu cha desturi za Waswahili kikachapishwa Ujerumani kutokana na kazi yake. Basi mwalimu wa Bagamoyo aliyefundisha Ulaya aliitwa Mtoro! Nilipowaambia wanafunzi wangu walicheka mpaka kengele ikalia.

Ni kweli zamani wazee wetu waliziogopa shule. Mapadre walifungua misheni hapa Bagamoyo mwaka 1868, na kwa miaka mingi mzazi Mwislamu aliona kumpeleka mtoto shule ni kumpeleka akabadilishe dini. Hofu hiyo ilikuwa na sababu yake. Lakini leo shule ni za Serikali, ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001, na mwaka 2016 ikafutwa mpaka kidato cha nne. Kwa hiyo mtoto wa leo asipofika darasani tusiitafute sababu kwa babu yake.

Sasa nije kwenye utafiti wangu. Chuo hututaka kila mmoja afanye utafiti mdogo katika shule ya mazoezi. Mimi nilichagua mahudhurio ya darasa la sita. Nilikichukua kitabu cha mahudhurio, nikaanza kuzihesabu alama za utoro, na mwanzoni sikuona kitu. Nilidhani zitakuwa nyingi Jumatatu, au siku za mvua. Mvua zilichangia, lakini si kama nilivyotazamia. Alama za wasichana zilikuwa zinakuja kwa mafungu. Siku tatu au nne wanakosekana wengi pamoja, kisha wanarudi wote, kisha baada ya wiki mbili hivi wanakosekana tena, na majina ni yale yale.

Kilichonifumbua macho ni kalenda iliyokuwa imetundikwa ofisini, ile inayoonyesha na tarehe za Kiislamu. Mafungu yale yalianza karibu na mwezi mosi na karibu na mwezi kumi na tano. Nani hapa anahitaji kufundishwa maana yake? Ni bamvua. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu maji hujaa sana na kupwa sana. Katika mwambao wetu huu hupanda na kushuka mita tatu na zaidi. Na ilivyo huku kwetu, siku za bamvua bahari hukauka kabisa mnamo saa nne asubuhi, kesho yake inachelewa kidogo, keshokutwa kidogo tena, inaelekea saa sita. Ni saa zile zile ambazo mwalimu amesimama ubaoni anafundisha hesabu.

Niliwauliza wasichana mmoja mmoja. Hawako baharini, isipokuwa wachache wanaofuatana na mama zao kuokota kombe au kufunga mbegu za mwani. Wengi wako nyumbani au pwani chini ya mivinje, wamebeba wadogo zao. Mama hawezi kuingia kwenye maji na mtoto wa mwaka mmoja. Mmoja, msichana hodari wa hesabu ambaye simtaji, aliniambia, “Mwalimu, mimi si mtoro, mimi nakaa na mtoto.” Katika kitabu ana alama ya utoro kama wengine, na fimbo za utoro alishaonja.

Hilo nalijua kwa mgongo wangu. Nilipokuwa darasa la tano nami nilikaa chini ya mvinje na mdogo wangu, namtazama mama kwa mbali, kadogo kama kigingi. Sehemu zilifundishwa wiki moja ya namna hiyo. Kugawanya sehemu kwa sehemu nilikuja kuelewa kidato cha kwanza, nikifundishwa na rafiki yangu usiku.

Utafiti wangu ni wa darasa moja kwa muhula mmoja, hautoshi kusema habari za wilaya nzima. Na wavulana wana kalenda yao, ya dagaa na siku za giza, hiyo itahitaji hotuba nyingine. Lakini kwa hao wasichana nina hakika na nilichokiona.

Hapa ndipo ninapokuja kwenu, na naomba mnivumilie.

Mwani ni kazi ya heshima. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliuchunguza mwani wa bahari yetu tangu miaka ya 1970. Kilimo chenyewe cha kuuza kilianza Unguja mwaka 1989, kikavuka kuja kwetu katika miaka ya 1990. Ni katika mazao machache ambayo mwanamke wa pwani ameyalima kwa jina lake na kuuza kwa mkono wake. Siku hizi bahari imekuwa ya moto. Ule mwani wa bei nzuri, kotoni, unageuka mweupe na kukatika, akina mama wengi wamebaki na spinosamu ambao bei yake ni ndogo zaidi. Dkt. Flower Msuya na wenzake wamejaribu Zanzibar kuulima kotoni kwenye maji ya kina kwa kutumia nyavu, lakini hapo inatakiwa chombo, na inatakiwa mtu ajue kuogelea. Kwa hiyo ili kupata fedha ile ile ya zamani, mama hulima kamba nyingi zaidi, na hawezi kuacha bamvua hata moja ipite.

Juu yake umekaa mkopo. Mfumo huu wa hisa na sanduku tunaoutumia, ambao chimbuko lake ni wanawake wa vijijini huko Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE, unadai marejesho kila mwezi. Mwani unataka wiki sita hivi tangu kupandwa mpaka kuvunwa. Hebu tufanye hesabu ya darasa la nne tu. Siku ya marejesho inafika, mwani una wiki nne. Mama atafanya nini? Atauvuna mchanga, apunjwe bei. Au ataingia majini kila siku ya bamvua kuokota chochote kinachouzika, na binti abaki na mtoto. Maana faini ya kuchelewa mnaijua, na aibu ya kusimama mbele ya wenzako kusema huna, mnaijua zaidi.

Sisemi kikundi ni kibaya. Mimi nisingekuwa hapa na chaki mkononi. Nimesikia risala ilivyosomwa leo, mabati yaliyoezekwa, mitaji, sare za shule zilizonunuliwa, na kila lililosomwa ni kweli. Lakini sehemu ya riba tunayogawana mwisho wa mwaka inalipwa na mtu asiye na hisa, asiye na kitabu, asiyekaa kwenye mkutano wetu. Analipa kwa siku za darasa. Mama anakopa ili anunue madaftari, halafu mwenye daftari anakosa somo ili mkopo urudi.

Jamani, Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba msichana aliyeacha masomo kwa sababu ya ujauzito anaruhusiwa kurudi shule. Sisi wa Mkoa wa Pwani tulilipokea kwa uzito wake, maana ni katika mkoa wetu huu mwaka 2017 ilitamkwa kwamba hatarudi. Ni jambo jema sana. Ila huyu wa bamvua hakufukuzwa na mtu, kwa hiyo hakuna tangazo litakalomrudisha. Anakosa siku nne, anarudi, haelewi, anaona haya kuuliza. Anakosa nyingine nne. Akifika darasa la saba anafanya mtihani kwa kubahatisha, na sisi tunasema hakujaliwa akili. Yule niliyemtaja bado yuko darasa la sita. Ana mwaka mmoja na ushee.

Nina mambo mawili ya kuomba, na nimeyafanyia hesabu.

La kwanza ni watoto wadogo. Bamvua ni mbili kwa mwezi. Tukichukua siku nne kila bamvua, ni siku nane. Toa Jumamosi na Jumapili, kwa wastani zinabaki tano au sita za shule. Siku sita tu! Katika kikundi hiki wapo bibi zetu ambao hawaingii tena majini, na wanaokaa karibu na pwani ninawajua kwa majina. Wawili wakipewa posho kutoka mfuko wa jamii, na sufuria ya uji, wanaweza kukaa na watoto katika nyumba moja kuanzia saa mbili mpaka maji yaanze kujaa. Mfuko huo uliwekwa kwa ajili ya misiba na maradhi, najua. Katiba ya kikundi ni yenu, mliiandika ninyi wenyewe, na mnaweza kuongeza mstari. Nimezungumza na bibi mmoja, akaniuliza uji una sukari au hauna. Nimechukulia amekubali.

La pili ni marejesho ya wanaolima mwani. Yafuate mavuno badala ya tarehe. Anayekopa kwa ajili ya mwani arejeshe baada ya wiki sita au saba, mwani ukiwa umekauka na kuuzwa. Mweka Hazina atasema hili litamvurugia daftari lake, na ni kweli litamvuruga kidogo. Niko tayari kukaa naye jioni mbili tupange safu mpya.

Na upande wa shule haukukaa bure. Azimio la kazi la mwalimu hupangwa kwa Januari na Februari, halijui mwezi mwandamo. Mwalimu wa darasa langu alinikubalia jambo dogo: mada mpya za hesabu tuzianze siku za maji mafu, na siku za bamvua tufanye marudio na mazoezi. Kwa wiki zilizobaki za mazoezi yangu tulifanya hivyo. Wasichana waliorudi hawakukuta tumewaacha ng'ambo. Mwalimu wa taaluma amesema atalifikisha kwenye kikao cha walimu, na kamati ya shule itaombwa isiwape fimbo watoto wa siku hizo kabla ya kuwaita wazazi.

Katibu ananionyesha saa kwa mara ya tatu. Siku za bamvua za muhula ujao nimeziandika kwa mkono, nakala mbili. Moja iko kwa mwalimu wa taaluma. Hii nyingine namkabidhi Mwenyekiti mbele yenu, ili mkutano ujao wa kikundi muijadili, nami nitakuwapo kama nitaruhusiwa.