Daktari Aliyeona Sindano Haitoshi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wakaao mtaa wa Tena, Nairobi)



Sisi watu wa reli twajua jambo moja. Behewa likiacha njia hupelekwa karakana, likatengenezwa, likarudishwa kazini. Lakini kama mataruma yameoza pale lilipoangukia, litaanguka tena, na fundi atachoka bure. Hapa Tena muziki wa Kongo twausikia kila Jumamosi. Leo twataka kuwaeleza habari za daktari wa huko Kongo aliyeliona jambo hili katika miili ya watu.

Jina lake ni Denis Mukwege. Alizaliwa Bukavu mwaka 1955, mtoto wa mchungaji. Alipokuwa mdogo alifuatana na baba yake kuwaombea wagonjwa, akaona kuwa baba ana sala lakini hana dawa. Akasomea udaktari Bujumbura, kisha magonjwa ya wanawake huko Angers, Ufaransa. Mwaka 1996 vita viliifikia hospitali yake ya Lemera, wagonjwa wakauawa vitandani. Mwaka 1999 akaanzisha hospitali ya Panzi, Bukavu, ili akina mama wajifungue salama. Lakini mgonjwa wa kwanza hakuja kujifungua. Alikuwa mama aliyenajisiwa na watu wenye silaha, kisha akapigwa risasi. Baada yake walikuja maelfu.

Daktari alishona. Miaka ikapita, wakaletwa mabinti wa wale wale aliowatibu. Hapo akajua kuwa sindano peke yake haitoshi. Lazima watu wapate sauti.

Sauti ya kwanza ni muziki. Tangu mwaka 2015 Panzi pana chumba cha kurekodi nyimbo, kwa msaada wa shirika la Kanada liitwalo Make Music Matter. Mama aliyenyamazishwa na aibu hukaa na mshauri pamoja na fundi wa muziki, akatunga wimbo wa yaliyompata, akauimba mwenyewe.

Sauti ya pili ni siasa. Septemba 2012 daktari alisimama Umoja wa Mataifa, New York, akailaumu dunia kwa kunyamaza. Mwezi uliofuata watu wenye silaha walimvizia nyumbani kwake, wakamwua mlinzi wake. Akakimbilia Ulaya na jamaa yake.

Ndugu, hapa tusikilize sana. Wanawake wa kisiwa cha Idjwi, maskini kabisa, waliuza mananasi na mboga, wakachanga nauli yake ya ndege. Januari 2013 akarudi kazini. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad wa Iraki.

Mwaka 2023 aligombea urais wa Kongo. Hatutaficha: hakupata hata kura moja katika kila mia. Februari 2025 waasi wa M23 wakauteka mji wa Bukavu. Mataruma bado yameoza. Lakini hakuna awezaye kusema hakuambiwa.

Basi tujiulize. Muuza mananasi ambaye hana mshahara alitoa mchango wake asiombwe. Sisi wenye mshahara wa kila mwezi twachelewesha ada, kisha twauliza chama kimetufanyia nini. Mwenzetu akifukuzwa kwa kusema kweli, nani atamlipia nauli ya kurudi?

Daftari la ada liko mezani kwa mweka hazina. Tusitoke kabla ya kulipitia.