Namba Bila Kizio ni Nusu ya Habari: Mazungumzo Kuhusu Vipimo vya Mtiririko wa Maji na Gesi



Bibi yangu hakuwahi kutamka maneno "lita kwa dakika". Hata hivyo, maji yalipopungua nguvu bombani, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutambua. Alikuwa akisema, "Leo nimemaliza kufagia ua, na ndoo bado haijajaa." Katika kauli hiyo fupi yalikuwamo mambo yote mawili yanayounda kipimo cha mtiririko: kiasi cha kitu kinachopita, na muda kinaotumia kupita.

Ugumu huanza dukani, kwa kuwa kila kiwanda huchagua vizio vyake. Tuseme mbele yako zipo pampu tatu. Ya kwanza imeandikwa lita 40 kwa dakika, ya pili mita za ujazo 2.4 kwa saa, na ya tatu galoni 10 kwa dakika. Mnunuzi akitazama namba peke yake atadhani ya kwanza inazizidi zote kwa mbali. La hasha! Pampu ya kwanza na ya pili ni sawa kabisa.

Tuthibitishe. Mita moja ya ujazo ina lita 1,000, na saa moja ina dakika 60. Basi, ili kugeuza mita za ujazo kwa saa ziwe lita kwa dakika, zidisha kwa 1,000, kisha gawanya kwa 60. Ukizidisha 2.4 kwa 1,000 unapata 2,400. Ukigawanya kwa 60 unapata 40. Ikiwa kipimo kimetolewa kwa lita kwa sekunde, zidisha kwa 60 tu.

Galoni inahitaji tahadhari, kwa sababu zipo mbili. Galoni ya Marekani ina takribani lita 3.785, ya Uingereza ina takribani lita 4.546. Kwa hiyo pampu ya galoni 10 kwa dakika yaweza kutoa karibu lita 38, au zaidi ya lita 45. Muulize muuzaji ni galoni ipi kabla hujatoa fedha. Kumbuka pia kwamba kiwango cha juu cha mtiririko kilichoandikwa kwenye pampu hupatikana pale ambapo maji hayapandishwi juu. Kadiri tangi linavyoinuliwa, ndivyo maji yanayofika yanavyopungua.

Njia ya kujihakikishia haina gharama. Chukua ndoo ya lita 20, ifungulie maji, na uhesabu sekunde hadi ijae. Gawanya 20 kwa idadi ya sekunde, kisha zidisha kwa 60. Ndoo ikijaa kwa sekunde 30, unapata lita 40 kwa dakika, na tangi la lita 1,000 litajaa kwa dakika 25.

Hesabu hiyo hiyo huilinda ankara yako. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Chukua bomba linalovuja kiasi cha kujaza kikombe cha robo lita kila dakika. Ni kidogo mno machoni. Lakini kwa saa moja ni lita 15, kwa siku ni lita 360, na kwa siku 30 ni lita 10,800. Uniti moja ya maji ni mita moja ya ujazo. Hivyo umelipia karibu uniti 11 ambazo hakuna aliyezinywa wala kuzifulia. Ukishuku hali hiyo, funga mabomba yote na uitazame dira ya maji. Ikiendelea kuzunguka, yapo maji yanayopotea baada ya dira; mwite fundi mapema.

Sasa tugeukie gesi, ambayo ina tabia nyingine. Lita ya maji hubaki karibu lita ile ile asubuhi na mchana. Gesi hushindilika na kutanuka. Lita 100 za gesi katika nyuzi 0 za Selsiasi huwa takribani lita 111 katika nyuzi 30, mgandamizo usipobadilika. Ndiyo maana vipimo viwili vya mtiririko wa gesi havilinganishwi mpaka ijulikane vilichukuliwa katika halijoto gani na mgandamizo gani. Ndiyo maana pia gesi ya kupikia ya mtungi huuzwa kwa kilo: uzito haubadiliki kwa joto la mchana.

Suala hili lina uzito zaidi kwa familia inayomuuguza nyumbani mgonjwa wa kupumua kwa oksijeni. Mtungi wenye nafasi ya lita 10, uliojazwa kwa mgandamizo wa takribani mara 150 ya ule wa hewa inayotuzunguka, hutoa karibu lita 1,500 za oksijeni. Kwa lita 2 kwa dakika, hizo ni dakika 750, yaani saa 12 na nusu. Kwa lita 5 kwa dakika, ni saa 5 tu. Ikiwa mtungi umeandikwa futi za ujazo, zidisha kwa 28.3 upate lita. Haya ni makadirio. Agiza mtungi mwingine mapema kabla wa kwanza haujakaribia kwisha, na usibadilishe kiwango cha mtiririko bila maelekezo ya mhudumu wa afya.

Ndugu zangu, kila mnapoonyeshwa namba ya mtiririko, ulizeni mambo matatu: ni kiasi cha nini, kwa muda gani, na ikiwa ni gesi, katika hali gani? Muuzaji mwaminifu hatachukizwa na maswali hayo. Na asiyeweza kuyajibu, msimlipe kwanza.