Bangi: Gazeti liseme sheria, lisieneze uvumi



Katika mwambao wa Ziwa Nyasa, kutoka Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, habari za ng'ambo huwasili mapema kuliko waraka wa serikali. Wanyasa wa upande huu wana jamaa zao Likoma na Nkhata Bay. Wanasikilizana kwa lugha, na usipa anaovuliwa usiku na mvuvi wa huku ndiye anayevuliwa na mvuvi wa kule. Kwa hiyo, mwezi Februari mwaka 2020, Bunge la Malawi lilipopitisha sheria ya kusimamia kilimo cha bangi, maneno yaliyosafiri kwa wepesi kuliko mengine yote yalikuwa mafupi: Malawi wameruhusu bangi.

Maneno hayo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa nyuma inaweza kumgharimu kijana wa mwambao miaka mingi ya ujana wake gerezani. Hapo ndipo wajibu wa gazeti, wa mwalimu na wa mtumishi wa umma unapokutana.

Yafaa kuanza na sheria yenyewe. Malawi iliruhusu mambo mawili, nayo kwa leseni tu. La kwanza ni kilimo cha bangi ya viwandani, yaani aina yenye kilevi kidogo sana, itoayo nyuzi na mafuta. La pili ni kilimo cha bangi ya kutengenezea dawa. Leseni hutolewa na mamlaka maalumu, na ada yake huhesabiwa kwa maelfu ya dola za Marekani, kiasi ambacho mkulima mdogo wa Nkhata Bay hakimudu. Kuvuta chamba, kama waitavyo wenyewe, kwa ajili ya kulewa hakukuruhusiwa na sheria hiyo. Mwaka 2021 Waziri wa Kilimo wa nchi hiyo alimwandikia barua bondia Mike Tyson wa Marekani kumwomba awe balozi wa zao hilo, na habari hiyo ikachapishwa katika magazeti ya dunia nzima. Aya zinazoeleza leseni, ada na makatazo hazikupata bahati hiyo.

Upande wa pili wa maji sheria ni nyingine kabisa. Tanzania ilitunga sheria ya dawa za kulevya mwaka 1995, kisha ikatunga iliyo kali zaidi mwaka 2015, ambayo ndiyo iliyozaa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Kwa sheria hiyo, kulima bangi ni kosa, kuimiliki ni kosa, kuisafirisha ni kosa, na kuivuta ni kosa. Adhabu ya usafirishaji wa mzigo mkubwa hufika kifungo cha maisha. Hata mwenye nyumba au chombo anayeruhusu, huku akijua, mali yake itumike kwa kazi hiyo, anaingia hatiani. Mwenye boti wa Mbamba Bay anayekubali kubeba gunia la mtu kwa nauli nono, akidhani kwamba maadamu kule ni halali basi huku ni kosa dogo, amepotoshwa na uvumi. Na hakimu hatauhesabu uvumi kuwa utetezi.

Makosa ya namna hii si ya habari za Malawi peke yake. Tarehe 2 Desemba 2020, Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya ilipiga kura huko Vienna. Kwa kura 27 dhidi ya 25 iliiondoa bangi katika jedwali la nne la mkataba wa mwaka 1961, ambamo huwekwa dawa zinazohesabiwa kuwa za hatari zaidi. Watu wengi walielewa kwamba Umoja wa Mataifa umeihalalisha. Ukweli ni kwamba bangi ilibaki katika jedwali la kwanza la mkataba huo huo, pamoja na dawa nyingine zinazodhibitiwa kwa ukali. Mwaka 2018 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliruhusu mtu mzima kutumia bangi faraghani, lakini kuiuza kuliendelea kuwa kosa. Mwezi Mei mwaka 2023 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilibatilisha sheria ya dawa za kulevya kwa sababu akidi ya Bunge haikutimia ilipopitishwa, wala si kwa kuisifu bangi. Bunge likaitunga upya. Katika kila habari ya aina hii, kichwa cha habari husema ruhusa, na masharti huachwa chini, mahali ambapo msomaji mwenye haraka hafiki.

Kwa habari za nyumbani, kasoro ni ya namna nyingine. Msomaji huoneshwa ekari zilizofyekwa, magunia yaliyorundikwa, moshi, na vijana waliokaa chini wakiinamisha vichwa. Siku ya pili habari imekwisha. Mnunuzi aliyekuwa akiyasubiri magunia hayo hatajwi. Hukumu ya mahakama hairipotiwi. Wala haielezwi kilichomfanya mkulima mwenye ardhi nzuri ahatarishe maisha yake kwa zao la kufichwa katikati ya mahindi.

Swali hilo la mwisho lina uzito katika milima ya Mbinga. Wamatengo wameihifadhi ardhi ya miteremko kwa kilimo cha ngoro, vishimo vinavyozuia maji yasichukue udongo, na kahawa yao imesomesha watoto wengi. Lakini kahawa huvunwa mara moja kwa mwaka, bei yake huamuliwa na masoko ya mbali, na wazee hawajasahau miaka ya 1990, ushirika ulipoyumba na mkulima akabaki na deni. Bangi hukomaa kwa miezi michache, na mnunuzi wake huja na fedha taslimu. Kulieleza hilo si kumtetea mvunja sheria. Atakaye kuung'oa mmea huo kwa kudumu hana budi kujua mizizi yake iliposhika. Vinginevyo shamba litachomwa mwaka huu, na mwaka ujao litalimwa bonde la pili.

Wapo wasemao kwamba mjadala wa bangi usifunguliwe kabisa, kwa kuwa kuuzungumza ni kuushabikia. Hoja hiyo haina nguvu. Sheria ya mwaka 2015 ilitungwa na Bunge, na Bunge lina mamlaka ya kuijadili, kuirekebisha au kuiacha kama ilivyo. Mwananchi ana haki ya kuuliza, na ana wajibu wa kuitii maadamu ipo. Anayeuziba mjadala hauzimi. Anaukabidhi kwa wapiga soga wa mwaloni.

Mjadala wa haki husema pande zote mbili. Ni kweli kwamba mmea huo una kemikali iliyotoa dawa ya aina fulani za kifafa cha watoto, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018. Ni kweli vile vile kwamba dawa hiyo hupimwa na kutolewa na daktari, haivutwi kichakani. Na kwamba kijana anayevuta bangi kali kila siku, huku ubongo wake ungali unakua, anajiongezea hatari ya kuchanganyikiwa akili. Mwalimu aliyewahi kumwona mwanafunzi hodari akianza kusahau, kisha kutoroka, kisha kuzungumza peke yake, haitaji kuhubiriwa.

Basi kazi iliyopo haihitaji bajeti kubwa. Mwalimu wa Liuli au Mbinga aweza kugawa ubao sehemu mbili, akaandika upande mmoja yale yanayoruhusiwa na kukatazwa na sheria ya Malawi, na upande wa pili yale yanayokatazwa na sheria ya Tanzania. Ofisa mtendaji aweza kuyasoma hayo hayo katika mkutano wa kijiji, kwa lugha ambayo mvuvi na mkulima wataielewa. Nalo gazeti liifuate kesi moja ya shamba la bangi tangu siku ya moto hadi siku ya hukumu, kisha lirudi kijijini kuuliza ni zao gani limepandwa mahali pake.