Viti Sita vya Wazazi katika Bodi ya Shule

Wazazi, walezi na wakazi wote wa Kisii na Nyamira, mazungumzo haya yanahusu viti sita. Kila shule ya umma, ya msingi au ya sekondari, inapaswa kuwa na bodi ya usimamizi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imetenga viti sita vya bodi hiyo kwa watu waliochaguliwa kuwawakilisha wazazi, au jamii ya mahali pale ikiwa shule ni sekondari ya kaunti. Hakuna kundi lingine lenye viti vingi namna hiyo. Mfadhili, ambaye kwa kawaida ni kanisa, ana vitatu. Walimu wana kimoja, Bodi ya Elimu ya Kaunti kimoja, makundi maalumu katika jamii kimoja, na watu wenye mahitaji maalumu kimoja. Baraza la wanafunzi nalo hutuma mtu wake. Juu ya hao, mwenyekiti wa chama cha wazazi na wenzake wawili wa kamati huingizwa katika bodi.

Kwa hesabu hiyo, wazazi ndio wengi mezani. Lakini wapo wazazi chungu nzima ambao wakiulizwa ni nani anayewawakilisha katika bodi, hukuna kichwa.

Sababu ya kwanza ni siku ya uchaguzi yenyewe. Tangazo husomwa kanisani au kwenye baraza la chifu, wazazi wengi wako shambani au kwenye kituo cha kuuzia majani chai, na wachache waliofika hupitisha majina yaliyokuja yameandaliwa. Hakuna hila kubwa katika jambo hilo. Aliyekuja ndiye aliyechagua.

Sababu ya pili inahitaji kusemwa waziwazi. Shule nyingi za Gusii zimesimama juu ya ardhi iliyotolewa na familia au ukoo fulani, na watu wa ukoo huo huanza kuiona bodi kama mali ya nyumbani. Makanisa nayo yana historia ndefu hapa. Wakatoliki walifika Nyabururu na Waadventista Wasabato wakajenga Nyanchwa mapema miaka ya 1910, na shule zao zimesomesha vizazi. Shukrani kwao ni haki. Hata hivyo sheria imempa mfadhili viti vyake vitatu, na vile sita vya wazazi haviongezwi juu ya vitatu hivyo. Vivyo hivyo kwa ukoo. Katika Borabu, ambako familia za koo mbalimbali zilihamia kwenye mashamba ya makazi miaka ya 1960, au katika shule za mjini Kisii ambako mtoto wa mwenye kibanda cha Daraja Mbili hukaa dawati moja na mtoto wa daktari, mwakilishi anayezungumzia watu wa kwao pekee huwaacha wengine bila msemaji. Katiba inataka pia kwamba wanachama wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili ya chombo chochote cha kuchaguliwa au kuteuliwa. Kina mama ndio huonekana wengi katika mikutano ya wazazi, kwa hiyo orodha yenye wanaume watano na mwanamke mmoja ina kasoro tangu mwanzo.

Kuna jambo jingine linalowachanganya wakazi. Kwa kuwa chombo kinachowateua rasmi wanabodi baada ya uchaguzi kinaitwa Bodi ya Elimu ya Kaunti, wengi hudhani ni ofisi ya gavana, na barua za malalamiko hupelekwa huko. Shule za msingi na sekondari ziko chini ya serikali ya kitaifa, na bodi hiyo hufanya kazi chini ya Waziri wa Elimu, ingawa waziri wa elimu wa kaunti au mwakilishi wake ana kiti ndani yake. Serikali ya kaunti husimamia madarasa ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Mzazi mwenye shida na bodi ya shule ya msingi au sekondari aanzie ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, kisha kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti.

Mwakilishi akishachaguliwa na kupata barua ya uteuzi, kazi yake kubwa ni kusoma. Wengi hutarajia kazi ya kusema. Mwalimu mkuu ndiye katibu wa bodi, ndiye anayeandika ajenda na kuleta makaratasi, na mwanabodi asiyeyasoma hubaki kugonga mhuri tu. Ichukuliwe hesabu ndogo. Kiwango cha mgao wa serikali kwa mtoto wa shule ya msingi kimewekwa kuwa Sh1,420 kwa mwaka, kwa mwanafunzi wa sekondari msingi Sh15,042, na kwa wa sekondari Sh22,244. Shule ya msingi yenye watoto 600 ingepaswa basi kuhesabu Sh852,000. Je, zimefika ngapi? Zilifika lini? Orodha ya wanafunzi iliyopelekwa wizarani inalingana na watoto walio darasani? Fedha hizo huchelewa, na mara nyingine huja pungufu, na mwalimu mkuu huachwa akimbembeleza mwenye duka la vitabu. Mwakilishi anayejua tarakimu hizo anaweza kumtetea mwalimu mkuu mbele ya wazazi wenye hasira, na anaweza pia kumwuliza swali gumu. Bila tarakimu hawezi lolote kati ya hayo mawili.

Tangu sekondari msingi ianze mwaka 2023 ndani ya shule za msingi, swali hilo limekuwa zito zaidi, kwa sababu kiwanja ni kimoja na fungu la mtoto mmoja linalizidi la mwenzake zaidi ya mara kumi.

Baada ya mgao huja michango, na hapa ndipo mtoto huumia. Sheria iko wazi. Elimu katika shule ya umma haitozwi karo ya masomo. Malipo mengine yahitaji idhini ya Waziri kwa kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti. Hakuna mtoto atakayekatazwa kuhudhuria shule kwa kukosa kulipa malipo hayo. Na hakuna mtu atakayekusanya ada yoyote bila kutoa risiti rasmi. Mwakilishi wa wazazi anayekaa kimya wakati bodi inapitisha mchango wa lango jipya, kisha watoto wakarudishwa nyumbani Jumatatu, ameshiriki kuwarudisha. Familia inayotegemea bonasi ya chai haina pesa Februari. Kama mchango umeidhinishwa na ni wa lazima kweli, mwakilishi ndiye wa kueleza bodi kwamba ukusanywe baada ya bonasi, au ulipwe kwa ndizi na mahindi ya jikoni yakapimwa na kuandikwa.

Mwakilishi mwenyewe asiiuzie shule mahindi hayo, wala maharage, wala kuni za mikaratusi. Hata bei yake ikiwa nafuu kuliko ya wengine wote, siku atakapotaka kuuliza kwa nini gunia limepanda atakuwa anajiuliza mwenyewe. Akiwa na ndugu anayeomba zabuni, aseme mapema, atoke nje ya chumba, na kutoka kwake kuandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

Kwa shule za bweni kuna ukaguzi ambao hauhitaji shahada yoyote. Kisii inayakumbuka mabweni ya Itierio yaliyoteketea Juni 2016, na nchi nzima inawakumbuka wavulana 21 waliofariki katika bweni la Hillside Endarasha, Nyeri, Septemba 2024. Mwongozo wa usalama wa shule wa mwaka 2008 unataka madirisha ya bweni yasiwe na vyuma, milango ifunguke kwa nje na isifungwe kwa nje watoto wakiwa ndani, na nafasi ya mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda. Mwakilishi abebe futi ya fundi. Aingie bwenini pamoja na mwalimu wa zamu, apime, aandike, na alete karatasi hiyo mezani kabla ya bodi kujadili basi la shule.

Mipaka nayo ipo. Bodi huajiri wapishi, walinzi na wafanyakazi wengine wasio walimu, lakini walimu wa kudumu ni wa Tume ya Huduma za Walimu, na mwakilishi hana ruhusa ya kumfokea mwalimu darasani wala kuahidi wazazi kwamba fulani atahamishwa. Hana mshahara pia. Mzazi anayehesabu posho za vikao afikirie upya kabla ya kusimama.

Baada ya kikao, wazazi waliomchagua wanangoja habari. Mwakilishi hatangazi kesi ya nidhamu ya mtoto wa mtu wala siri ya mgonjwa, ila bajeti iliyopitishwa si siri. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa raia yeyote haki ya kuomba habari kwa taasisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 21, na shule ya umma ni taasisi ya umma. Mzazi anaweza kuandika barua leo, akabaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.

Muda wa bodi ni miaka mitatu, na mwanabodi anaweza kurudi kwa kipindi kimoja zaidi. Anayetaka kusimama aulize kwa mwalimu mkuu mambo mawili: bodi ya sasa iliteuliwa tarehe ngapi, na mkutano mkuu wa wazazi utakuwa lini. Tarehe ya kwanza iko kwenye barua za uteuzi katika faili ya shule.