Kufunga kwa Ajili ya Kipimo cha Damu si Saumu



 

Ndugu Waislamu, daktari anapomwambia mgonjwa, "Kesho uje umefunga, tutakupima sukari," Muislamu husikia neno alilolizoea tangu utotoni. Hutia nia, akaamka na kuondoka bila ya kugusa hata tone la maji. Nia yake ni njema, lakini hakuamrishwa saumu. Ametakiwa asile kitu, wala asinywe chochote isipokuwa maji matupu, kwa muda usiopungua saa 8, ili sukari ya mlo isichanganyike na ile inayopimwa. Hata chai ya mkandaa isiyo na sukari na aiache. Ama maji na ayanywe, kwani mwili uliokauka huifanya mishipa isinyae, mtaalamu wa maabara akachoma akakosa, akachoma tena. Mzee akirudi nyumbani na mkono uliovilia damu, haendi tena. Na kisukari hakimngoji.

Lipo na kosa la upande wa pili, nalo tunaliona ni zito zaidi. Mtu hula daku saa 10:30 alfajiri, kisha saa 2 asubuhi yumo maabara akisema, "Nimefunga." Kwa Mola wake amefunga, kwa kipimo kile, amekula saa tatu na nusu tu zilizopita. Jibu laweza kutoka juu, akaandikiwa dawa asizozihitaji. Basi aeleze wazi saa aliyokula mara ya mwisho. Aliyekula saa 3 usiku na hakuongeza kitu baadaye, saa 2 asubuhi anapimika bila ya tatizo.

Wengine huuliza kama damu hiyo inabatilisha saumu. Kuumika wanazuoni wamekuhitilafia, lakini kuhusu damu kidogo ya kipimo, Sheikh Ibn Baz ametoa fatwa kuwa haiharibu saumu. Na kweli ni kidogo: kichupa kimoja huchukua takriban mililita 5, kadiri ya kijiko cha chai, ilhali mtu mzima ana lita zipatazo 5.

Wala si kila kipimo kinataka tumbo tupu. Malaria, virusi vya UKIMWI, wingi wa damu, na kile cha wastani wa sukari ya miezi mitatu, vyote hupimwa mtu akiwa amekula. Kwa nini basi tuwashindishe watoto na njaa?

Mgonjwa anayetumia insulini au vidonge vya kisukari amuulize daktari mapema kuhusu dozi ya asubuhi hiyo, kwani dawa bila ya chakula huweza kuishusha sukari hadi mtu akazimia. Achukue tende mfukoni, ale mara baada ya kutolewa damu.

Anayeogopa sindano aseme, wala si aibu. Alazwe kitandani, atazame pembeni, asibane pumzi. Dada zetu wavae nguo ambayo mkono wake unapanda juu ya kiwiko kwa wepesi, na waombe mhudumu mwanamke akiwepo.

Sindano ikishatoka, pamba ibonyezwe dakika 3 hadi 5, mkono ukiwa umenyooka. Wengi wetu hukunja kiwiko juu ya pamba, na hapo ndipo damu huvilia. Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda wamjulishe mhudumu kabla, nao wabonyeze kwa muda mrefu zaidi.