Safu ya Wino Mwekundu: Kwa Nini Tunaomba, na Mungu Hujibuje
Mada katika semina ya viongozi wa vikundi vya maombi



Kikundi ninachoomba nacho kila Jumatano jioni kina daftari la kaunta. Katibu wetu, mama muuguzi mstaafu, amelipiga mistari kwa rula: tarehe, jina, hitaji, na safu ya mwisho ameipa kichwa kwa wino mwekundu, "limejibiwa". Hitaji likijibiwa, anaweka vema. Desemba iliyopita alinisogezea daftari akaniuliza, "Mwalimu, hawa wasio na vema tuwafanyeje? Tuwahamishie mwaka mpya, au tuwaache hukuhuku?" Mada niliyokuwa nimeiandaa kwa ajili ya leo niliiweka kando.

Nililipekua daftari lile. Ada ya mtoto, vema. Kijana aliyetafuta kibarua ana vema mbili, maana alikipata, akafukuzwa, akapata kingine. Halafu yupo baba mmoja mgonjwa wa figo. Jina lake limeandikwa mara tisa. Safu ya mwisho ni tupu mara zote tisa, na pembeni pa mstari wa tisa kuna msalaba mdogo wa penseli, na tarehe.

Tuanze na swali la kwanza: kwa nini tunaomba? Katika Mathayo sura ya 6 Yesu anasema Baba anayajua mahitaji yetu kabla hatujafungua kinywa. Mtu angetazamia aongeze kwamba basi, nyamazeni. Badala yake, papo hapo anawafundisha wanafunzi kuomba. Kwa hiyo maombi si kumpelekea Mungu taarifa, wala si kumbembeleza mzazi mgumu mpaka achoke. Kiswahili chetu kina kitenzi kimoja, kuomba, kwa mtu anayenyoosha mkono stendi ya basi na kwa mtoto anayetaka aongezwe ugali. Lakini wa stendi akishapewa, safari yenu imeishia hapo. Mtoto hata akinyimwa bado yuko mezani, na kesho ataomba tena bila kujitambulisha. Mkristo huomba kwa sababu ni wa nyumba ile. Ndiyo maana napenda jinsi watu wetu wanavyouliza, "Unasali wapi?", wakimaanisha, wewe ni wa kanisa gani.

Swali la pili, Mungu hujibuje, ndilo gumu. Tumezoea kufundisha kwamba Mungu ana majibu matatu: ndiyo, hapana, na subiri. Kwa watoto wa shule ya Jumapili fundisho hilo linatosha. Kwa mjane wa baba yule wa figo ni kama kumpa karatasi ya mtihani iliyosahihishwa.

Fungueni Marko sura ya 5, habari ya mtu wa makaburini katika nchi ya Wagerasi. Mna maombi matatu mle, na wengi tunayasoma bila kuyahesabu. Pepo wanamsihi Yesu awaruhusu wawaingie nguruwe, wapata elfu mbili: wanakubaliwa. Wenyeji, wakiona hasara ile, wanamsihi aondoke mipakani mwao: anaondoka. Kisha mtu aliyeponywa, amevaa nguo na akili zake timamu, anamsihi amruhusu afuatane naye. Huyu peke yake ndiye aliyekataliwa. Anarudishwa kwao, akawaeleze jamaa zake. Sasa, kama kupata ulichoomba ndicho kipimo cha kukubalika mbele za Mungu, katika sura ile pepo wamemshinda mwanafunzi.

Tazameni pia Hezekia, katika 2 Wafalme 20. Anaumwa, anaambiwa atakufa, anageukia ukutani analia. Anaongezewa miaka 15. Tungemwekea vema kubwa. Lakini sura inayofuata inasema Manase mwanawe alitawazwa akiwa na umri wa miaka 12. Pigeni hesabu: alizaliwa ndani ya miaka ile ya nyongeza, naye akawa miongoni mwa wafalme waovu kuliko wote wa Yuda. Sisemi Hezekia alikosea kuomba. Nasema jibu la Mungu huendelea kuishi baada ya vema yetu, na hatujui litazaa nini.

Habari hiyohiyo ina jambo jingine, nalo nawasihi walisikie wanaowakataza wagonjwa vidonge. Mungu alikwisha kuahidi uponyaji, ila bado Isaya aliagiza tini zilizopondwa ziwekwe kwenye jipu. Maombi na dawa vilikuwa katika chumba kimoja. Mkimwombea mwenye kisukari, ulizeni kama ana nauli ya kliniki, na kama hana, mmeshapata jibu mfukoni mwenu.

Nije kwenye kinachoniuma. Uamsho ulipowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, ushuhuda ulikuwa mtu kusimama mbele ya wenzake na kuungama: nilimwibia jirani, nilimchukia ndugu yangu. Leo kipindi cha ushuhuda kimekuwa cha viwanja, visa na magari. Kipaza sauti tunampa aliyepata. Ambaye hakupata hukaa viti vya nyuma, na baada ya muda hukaa nyumbani. Huko nyumbani anaambiwa imani yake ilikuwa haba, maneno ambayo sijui nani aliyatuma tuyaseme. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na inaishia gizani, bila hata mstari mmoja wa kushukuru. Wazee wa zamani hawakuiondoa kitabuni. Vikundi vyetu visingempa mtunzi wake dakika mbili.

Katibu nilimjibu hivi: wasihamishwe, wala wasiachwe. Jumatano ya kwanza ya Januari tuliwasoma wote kwa majina, na mjane wa baba wa figo tukamwalika aseme akipenda. Alikuja. Akasema usiku wa mwisho wodini alishindwa kuomba kabisa. Alishika chuma cha kitanda akahesabu matone ya dripu, akifika mia anaanza upya. Akasema alijua kina mama wa kikundi walikuwa wanaomba, kwa sababu uji wao wa jioni ulikuwa bado vuguvugu kwenye chupa. Kisha akaketi.

Hakuna aliyesema amina upesi. Katibu alifungua daftari, akaitafuta ile mistari tisa, akashika kalamu nyekundu. Akaishikilia kwa muda. Mwisho akaifunika, akairudisha mkobani.